Tusihesabu Ushindi Peke Yake

Leo nataka tuzungumze juu ya hesabu moja ndogo. Hesabu hii inaitwa asilimia ya kushinda. Ukilisikia jina hilo unaweza kudhani ni hesabu ya watangazaji wa redio na makocha wa mijini. Sivyo. Ni hesabu ya kijijini pia. Kwa kutoitumia, sisi wa kijiji kimoja tuliwanyima haki watoto wetu wenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa waliowanyima. Ndiyo maana naandika maneno haya.

Mambo yalivyokuwa

Katika kijiji nilichokuwa nikifanya kazi kulikuwa na timu mbili. Moja ilikuwa timu ya mpira wa miguu ya vijana wa kiume. Ya pili ilikuwa timu ya netiboli ya wasichana. Wanakijiji walichanga fedha ili kupeleka timu kwenye mashindano ya wilaya. Mchango ulipohesabiwa, ulitosha nauli na chakula cha timu moja tu.

Kamati ilikaa chini ya mwembe ili kuchagua. Mimi niliombwa kuwa katibu. Mzee mmoja aliuliza, "Timu ipi imeshinda mara nyingi zaidi tangu mavuno?"

Nahodha wa vijana akajibu, "Sisi tumeshinda mechi 14."

Nahodha wa wasichana akajibu, "Sisi tumeshinda mechi 9."

Basi, 14 ni nyingi kuliko 9. Hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Kamati ikapitisha kwamba vijana wa mpira ndio waende. Nami niliinua mkono kuwaunga mkono, kisha nikauandika uamuzi huo katika kitabu cha kumbukumbu. Mkutano haukuchukua hata nusu saa.

Wiki mbili baadaye tulikuwa darasani. Somo la jioni ile lilikuwa asilimia. Nikawa natafuta mfano wa kuandika ubaoni. Mama mmoja, ambaye binti yake alikuwa akicheza netiboli, akafungua mkoba wake akatoa daftari. Lilikuwa daftari la binti yake. Humo aliandika kila mechi waliyocheza: tarehe, wapinzani, na matokeo. Mama yule akasema, "Mwalimu, tutumie hili."

Tukahesabu. Wasichana walicheza mechi 12. Walishinda 9 na kufungwa 3. Kijana mmoja aliyekuwa akisoma nasi alikuwa mchezaji wa timu ya mpira. Tukamwomba atutajie mechi zao. Hakuwa na daftari, lakini kwa kusaidiana na wenzake walizikumbuka zote. Walicheza mechi 28. Walishinda 14, walitoka sare 8, na walifungwa 6.

Nilipoandika majibu ubaoni, darasa lilinyamaza. Yule mama akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, sasa hawa waliokwenda wilayani, walikwenda kwa hesabu ipi?"

Sikuwa na jibu. Timu ilikwisha ondoka. Nauli ilikwisha lipwa.

Asilimia ni nini?

Asilimia ni hesabu ya kila mia. Tukisema timu ina asilimia 50 ya kushinda, maana yake ni hii: kama ingecheza mechi 100 kwa mwendo huo huo, ingeshinda 50. Timu moja imecheza mechi 12, nyingine imecheza 28. Hatuwezi kuzilinganisha vizuri mpaka tuziweke kwenye kipimo kimoja. Kipimo hicho ni mia.

Unaponunua mchele huwezi kulinganisha bei ya debe la mfanyabiashara mmoja na bei ya kibaba cha mwingine. Lazima kwanza uulize, "Kilo moja ni shilingi ngapi?" Asilimia ni kama ile kilo. Inaweka wote kwenye mzani mmoja.

Njia ya kuhesabu ni hii:

Kwanza, hesabu mechi zote zilizochezwa. Usiache hata moja. Za kushinda, za sare na za kufungwa, zote zimo.

Pili, hesabu mechi za kushinda.

Tatu, zidisha mechi za kushinda kwa 100.

Nne, gawanya kwa mechi zote.

Tuanze na vijana. Walishinda 14. Tunazidisha 14 kwa 100, tunapata 1400. Tunagawanya 1400 kwa 28, tunapata 50. Asilimia yao ya kushinda ni 50. Yaani walishinda nusu ya mechi zao.

Sasa wasichana. Walishinda 9. Tunazidisha 9 kwa 100, tunapata 900. Tunagawanya 900 kwa 12, tunapata 75. Asilimia yao ya kushinda ni 75. Yaani katika kila mechi 4, walishinda 3.

Jioni ile mwanakisomo mmoja alipata jibu la 300 kwa wasichana. Tulicheka, naye akacheka pamoja nasi. Alikuwa amegawanya kwa mechi 3 za kufungwa badala ya mechi zote 12. Kosa hili ni la kawaida, na ni rahisi kulikamata. Asilimia ya kushinda haiwezi kuzidi 100, kwa sababu hakuna timu inayoweza kushinda mechi nyingi kuliko ilizocheza. Ukipata zaidi ya 100, rudi nyuma ukaangalie ulichogawanya.

Walinyimwa nini?

Sasa ndugu msomaji, nataka uangalie jambo moja ambalo mimi sikuliona siku ile chini ya mwembe.

Wasichana walicheza mechi 12 tu. Kama wangeshinda mechi zote, bila kufungwa hata moja, wangekuwa na ushindi 12. Lakini kamati ilitaka zaidi ya 14! Hata wangeshinda zote wasingechaguliwa. Tuliwapa mtihani ambao hakuna binadamu angeweza kuufaulu, kisha tukasema wameshindwa.

Kwa nini walicheza mechi chache? Si kwa uvivu. Kiwanja ni kimoja. Jioni, vijana wako kiwanjani na wasichana wako kisimani, wanachota maji ya nyumbani. Wakirudi, kuna kuni na kuna jiko. Wakipata nafasi, jua linazama. Mechi zile 12 walizipata kwa taabu.

Hapa ndipo yalipo maoni yangu. Tukihesabu ushindi peke yake, tunamsifu yule aliyepewa nafasi nyingi. Tukihesabu asilimia, tunauliza swali lililo bora: huyu aliyepewa nafasi hizi, amezitumiaje? Swali la kwanza linampendelea aliyetangulia. Swali la pili linampa haki hata aliyepewa kidogo.

Wala jambo hili si la michezo tu. Mkulima mmoja amepanda mbegu 200 na zimeota 120. Mwingine amepanda mbegu 50 na zimeota 45. Mwenye miche mingi ni yule wa kwanza. Lakini mbegu nzuri ni za nani? Za kwanza zimeota asilimia 60. Za pili zimeota asilimia 90. Mimi msimu ujao ningemwendea yule wa pili kumwuliza mbegu zake alizitoa wapi.

Lakini asilimia nayo ina hila zake

Nisingependa uondoke hapa ukidhani kwamba asilimia haikosei. Jioni ile ile darasani palikuwa na ubishi mkali, na ubishi ule ulinifundisha mengi.

Mzee mmoja alisimama akasema kwamba timu bora kuliko zote ni ile ya wazee. Kweli, kijijini kulikuwa na timu ya wazee iliyocheza siku za sikukuu. Ilikuwa imecheza mechi 2 na kushinda zote 2. Tunazidisha 2 kwa 100, tunapata 200. Tunagawanya kwa 2, tunapata 100. Asilimia 100! Mzee akaketi, ameridhika.

Tukamwambia, "Mzee wetu, hongera. Lakini ukifungwa mechi moja tu, itakuwaje?" Tukahesabu. Mechi zitakuwa 3, ushindi 2. Tunagawanya 200 kwa 3, tunapata 66 na zaidi kidogo. Kufungwa mara moja kunawaangusha wazee kutoka 100 hadi chini ya 70. Wasichana je, wakifungwa mechi moja zaidi? Mechi zitakuwa 13, ushindi 9. Tunagawanya 900 kwa 13, tunapata 69 na kidogo. Wameshuka kutoka 75, lakini hawakuporomoka. Vijana wa mpira nao, wakifungwa moja zaidi, wanatoka 50 na kwenda 48 na kidogo.

Unaona? Mechi zikiwa chache, asilimia inayumba kama mtumbwi mtupu. Mechi zikiwa nyingi, inatulia kama mtumbwi wenye shehena. Basi mtu akikutajia asilimia, muulize mara moja, "Ya mechi ngapi?" Asipokuambia, usimwamini haraka.

Halafu yule kijana wa timu ya mpira naye akasema. Alisema, "Mwalimu, sisi tumefungwa mechi 6 katika 28. Wao wamefungwa 3 katika 12. Hesabu hiyo." Tukahesabu. Tunagawanya 600 kwa 28, tunapata 21 na kidogo. Tunagawanya 300 kwa 12, tunapata 25. Kijana alisema kweli. Kwa asilimia ya kufungwa, vijana walikuwa na afadhali kuliko wasichana!

Imekuwaje? Ni zile mechi 8 za sare. Asilimia ya kushinda inazihesabu kama si kitu. Asilimia ya kufungwa nayo haizihesabu kuwa ni hasara. Katika mpira wa miguu sare ni nyingi. Katika netiboli sare hutokea mara chache, kwa kuwa magoli ni mengi. Kwa hiyo michezo hii miwili haifanani, na lazima tuwe waangalifu tunapoilinganisha.

Tulitafuta njia ya kuwa wa haki kwa wote. Katika ligi za mpira, ushindi hupewa pointi 3 na sare pointi 1. Tukazitumia pointi hizo kwa timu zote mbili. Vijana walishinda 14, basi ni pointi 42. Walitoka sare 8, basi ni pointi 8. Jumla ni 50. Kama wangeshinda mechi zote 28 wangepata pointi 84. Tunagawanya 5000 kwa 84, tunapata karibu 60. Wasichana walipata pointi 27. Kama wangeshinda zote 12 wangepata 36. Tunagawanya 2700 kwa 36, tunapata 75. Hata sare zikithaminiwa, wasichana wako mbele. Lakini pengo limepungua, na kijana wetu alistahili kusikilizwa.

Kombe la Dunia linatufundisha nini?

Mambo haya huwapata hata wakubwa wa mpira. Chukua Kombe la Dunia la mwaka 1982, lililochezwa Hispania. Brazili ilicheza mechi 5. Ilishinda 4 na kufungwa 1. Asilimia yake ya kushinda ilikuwa 80. Italia ilicheza mechi 7. Ilishinda 4 na kutoka sare 3. Asilimia yake ilikuwa 57 tu na kidogo. Nani alichukua kombe? Italia. Mechi ile moja ambayo Brazili ilifungwa, ilifungwa na Italia, magoli 3 kwa 2, nayo ikarudi nyumbani.

Katika mashindano hayo hayo Kameruni ilicheza mechi 3 na zote zilikuwa sare. Haikufungwa hata mara moja. Hata hivyo ilitolewa. Asilimia yake ya kushinda ni 0. Je, tuseme Kameruni ilikuwa timu isiyo na thamani? Italia, bingwa wa dunia, ilishindwa kuifunga.

Tazama pia timu yetu ya Taifa Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwaka 1980, huko Nigeria, ilicheza mechi 3. Ilitoka sare 1 na kufungwa 2. Mwaka 2019, huko Misri, ilifungwa zote 3. Mwaka 2024, huko Kodivaa, ilitoka sare 2 na kufungwa 1. Ukihesabu asilimia ya kushinda, miaka yote mitatu utapata 0. Lakini mtu aliyezifuata mechi hizo hawezi kusema kwamba mwaka 2019 ni sawa na mwaka 2024. Sifuri zinafanana, mechi hazikufanana.

Basi asilimia ya kushinda ni shahidi mzuri, lakini si hakimu. Shahidi huitwa, husikilizwa, na huulizwa maswali. Kisha wanakijiji wenyewe ndio wanaoamua.

Maoni yangu

Wapo watakaosema, "Michezo ni furaha. Kwa nini mnatuletea hesabu?" Nakubali kwamba michezo ni furaha. Watu wakicheza kwa kujifurahisha, na wacheze bila kuhesabu. Lakini pale ambapo pana mchango wa watu, na pana nauli, na pana heshima ya watoto, furaha peke yake haitoshi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba haki nayo hupotea hivyo hivyo. Siku ile chini ya mwembe hakuna aliyewachukia wasichana. Haki yao ilipotea kwa sababu hakuna aliyeuliza, "Mmecheza mechi ngapi?"

Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, kila timu ya kijiji iwe na daftari. Lipigwe mistari mitano: tarehe, wapinzani, magoli yetu, magoli yao, na matokeo. Baada ya kila mechi mtu mmoja aandike. Kazi hii inamfaa sana mtu aliyejifunza kusoma na kuandika hivi karibuni. Itamzoeza kalamu, na itawafaa wenzake.

La pili, kamati isichague kwa kusikia idadi ya ushindi peke yake. Iulize maswali manne. Mmecheza mechi ngapi? Mmeshinda ngapi? Sare ni ngapi? Mlicheza na nani? Swali hili la mwisho ni muhimu. Anayewafunga wanyonge kila wiki atakuwa na asilimia kubwa, lakini bado hajapimwa.

La tatu, sisi walimu wa watu wazima tufundishe asilimia kwa mambo ambayo watu wanayajua. Nilipofundisha asilimia kwa mifano ya benki, wanakisomo wangu walisinzia. Tulipohesabu mechi za watoto wao, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Msomaji atauliza, mwisho wake ulikuwaje? Msimu uliofuata kamati ilidai madaftari kabla ya kuamua lolote. Yule mama ndiye aliyesimama kuzisoma hesabu mbele ya mkutano, mstari kwa mstari, kidole chake kikiwa juu ya karatasi. Wasichana wakapitishwa. Lakini wachezaji watatu wa timu ile ya kwanza hawakuwapo tena. Wawili walikuwa wameolewa mbali, na mmoja alikuwa amehamia mjini kutafuta kazi. Hesabu tuliichelewesha mwaka mmoja tu. Kwa wale watatu, mwaka ule ndio uliokuwa wao.

Ndugu msomaji, kama kijijini kwako kuna timu, nenda ukaulize leo ni nani anayetunza daftari. Kama hayupo, chukua kalamu uanze wewe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Timu moja imecheza mechi 20 na kushinda 11. Nyingine imecheza mechi 10 na kushinda 7. Asilimia ya kushinda ya kila timu ni ngapi? Ungechagua ipi? Kwa nini?

2. Mchezaji wa bao anasema ana asilimia 100 ya kushinda. Utamwuliza nini kabla ya kumsifu?

3. Katika kijiji chenu, ni nani wanaopewa nafasi chache za kucheza? Nini kinawazuia?

4. Taja jambo jingine nyumbani au shambani ambalo unaweza kulipima kwa asilimia. Lihesabu, kisha uwaeleze wenzako.